Katoni Tupu Hunyamaza

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena kule dirishani, na wewe kifungua mimba wangu iweke hiyo simu juu ya kabati, ikilia iache ilie, anayekutaka atakutafuta tena, mimi ndiye nisiye na muda wa kutafuta mtu mara mbili. Kitindamimba, shika kalamu. Andika ninavyosema, usinipambe, na nikikosea acha kosa langu libaki, huu si mtihani. Na wewe binti yangu wa kati, mtunza stoo wangu, usisimame ukutani kama mgeni anayesubiri kufukuzwa, keti hapa kitandani, miguuni pangu, nihisi uzito wako.

Jana asubuhi nilisikia selotepu. Tangu marehemu baba yenu atutoke nimelala chumba hiki cha nyuma ya stoo, mlango huu wa mbao ukiwa ndio kitu pekee kilichopo kati ya mto wangu na kazi yetu, na masikio yangu yamejifunza yale ambayo macho yameshayaacha. Nalijua gari la mzigo kwa breki zake. Najua katoni iliyojaa inavyotua, puu, kama mtu mzima anayeketi baada ya safari, na najua katoni tupu inavyotua, pa, kama kofi la mtoto. Jana nilisikia selotepu ikivutwa, kraa, kraa, mara arobaini na zaidi, halafu nikasikia makofi ya watoto yakipangwa rafu kwa rafu. Na wiki hii nzima hakuna gari lililoingia. Jumatatu anakuja mkaguzi wa muungano wa hospitali, kuangalia kama stoo yetu imekomaa kiasi cha kulisha hospitali kumi na moja, na mwanangu mkubwa anaziba mapengo kwa katoni tupu ili rafu zionekane zimeshiba. Usiinamishe kichwa, baba. Hukulizua wewe jambo hilo. Ulilirithi kwangu kabla sijafa, tena bila wosia.

Ndiyo sababu nimewaita leo Jumamosi, mchana kweupe, na ndiyo sababu kwenye kiti kile cha pembeni ameketi mzee ambaye mmoja wenu alimwona anaingia akadhani amepotea nyumba. Hajapotea, nimemwita mimi. Ninyi mnamjua kuwa fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Zamani alikuwa dereva wa baba yenu, na tulimwita Kobe, kwa sababu hakuwahi kukimbiza gari hata siku moja na hakuwahi kukosa kufika. Mwendapole hajikwai, alikuwa akisema kila akipitwa na baiskeli. Kaa, Kobe, usiondoke kabla sijamaliza. Nimekungojesha miaka ishirini na miwili, niongeze nusu saa.

Niacheni kwanza nikumbuke, maana kukumbuka ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo. Baba yenu na mimi tulianza na chumba kimoja kilichokuwa karakana ya seremala, hata baada ya mwaka mzima tulikuwa tukiokota vumbi la mbao ndani ya pamba. Tuliuza bandeji, glavu, dripu, sindano, na nyuzi za kushonea vidonda, na wateja wetu walikuwa zahanati tatu na hospitali moja ya wazazi. Ukiingia pale asubuhi unapokelewa na harufu ya spiriti na karatasi mpya, na sauti ya baba yenu akihesabu kwa mdomo huku anapiga mluzi, sijui alivifanyaje vyote viwili kwa pamoja. Daftari hakuwa nalo. Alikuwa na kichwa. Ukimuuliza glavu ziko ngapi anafumba macho, anasema, na anapatia. Kwa hiyo alipopata homa ya siku tisa, na stoo yetu ikapata homa ya siku tisa, tukawa tunamwamsha kitandani kumuuliza pamba aliiweka wapi, naye anajibu kwa kuweweseka, na cha kuchekesha ni kwamba hata kwenye kuweweseka alipatia.

Basi akaja mkaguzi. Si huyu wa Jumatatu, yule wa kwanza kabisa, mama mfupi mwenye viatu vya turubai na fomu yenye kurasa nyingi kuliko bidhaa zetu. Akasema amekuja kupima ukomavu wa mnyororo wetu wa ugavi. Baba yenu akamtazama, akasema, "Ukomavu wangu au wa stoo?"

"Wa stoo. Wako unaonekana kichwani," akamjibu, maana baba yenu alikuwa ameshaanza mvi.

Wakapendana hapo hapo, kwa jinsi watu wa kazi wanavyopendana. Akamuuliza, "Mnajuaje kitu kinakaribia kwisha?"

"Kikiisha, hospitali wanapiga simu."

"Wakishapiga?"

"Namwamsha Kobe."

Na Kobe huyu, akiwa juu ya gari, akasema, "Silali, mama. Napumzisha macho."

Mkaguzi yule alicheka mpaka akaegemea rafu, kisha akaandika moja. Baba yenu akauliza moja kati ya ngapi, akaambiwa tano, akanuna kama mwanafunzi. Ndipo yule mama akamwambia neno ambalo nataka mliandike kwa herufi kubwa: "Sikuja kutafuta aliye juu, bwana. Natafuta anayejua alipo, maana huyo naweza kumwonyesha njia."

Jioni ile ile baba yenu alichukua chaki akachora ngazi kwenye mlango huu, upande ule wa stoo, vipandio vitano, na kila kimoja akakipa jina la kwetu. Cha kwanza, Kuzima Moto: kitu kinaisha ndipo tunakimbia. Cha pili, Daftari: kilichoingia na kilichotoka kimeandikwa, ili mtu mmoja akiugua kazi isiugue naye. Cha tatu, Meza Moja: anayenunua, anayetunza na anayepeleka wanaketi pamoja kila Ijumaa na kuambiana ukweli. Cha nne, Mlango Wazi: hospitali zinatuambia wanachotarajia kutumia, wanaotuuzia wanatuambia watakachochelewesha, nasi hatumfichi yeyote upungufu wetu. Cha tano hakukipa jina. Alisema atakipa jina siku akikikanyaga.

Akaweka na sheria. Alama ya chaki haipandi mpaka wote wanaofanya kazi stoo wakubali, kuanzia yeye mpaka mpakiaji aliyeajiriwa jana. Lakini kuishusha, mtu mmoja anatosha. Yeyote akiona tunajidanganya, anainuka, anafuta, anashusha, na hakuna ruhusa ya kumgombeza kabla ya siku tatu. Nilimuuliza kwa nini siku tatu. Akasema, "Ya kwanza nitakuwa nimekasirika, ya pili nitakuwa nahesabu, ya tatu nitakuwa nimegundua ana haki."

Na ule mstari mwekundu ukutani, nyuma ya rafu, mnadhani ni pambo? Baba yenu aliupaka kwa rangi iliyobaki ya geti. Kila bidhaa alijua inachukua siku ngapi tangu tuagize mpaka ifike, na hospitali zinatumia kiasi gani kwa siku hizo, akaongeza kidogo kwa ajili ya mvua na uongo wa wauzaji, kisha akapaka mstari kwenye kimo hicho. Rundo likishuka mpaka mstari ukaonekana, unaagiza. Huhitaji shahada. Lakini mstari ule una sharti moja: lazima ukubali rafu yako ionekane ina pengo. Ukiona haya ya pengo, umeupofusha.

Miaka ile ilikuwa mizuri, wanangu. Siku ya kujipima, mara moja kwa mwaka, tulifunga stoo, tukaketi juu ya katoni na chupa moja kubwa ya chai, tukaulizana maswali ya ile fomu. Binti yangu, ulikuwa mdogo, ukajipima urefu kwa ngazi ile, ukatangaza kwamba wewe umeshafika cha pili kabla ya baba yako, na siku tulipofika kweli cha pili alikubeba mabegani ukaweka alama kwa mkono wako. Mara mbili tulipandisha alama mpaka cha tatu, na mara mbili Kobe aliishusha. Mara ya kwanza alisema, "Meza ipo, lakini mimi naambiwa safari nikiwa nimeshawasha gari. Hiyo ni meza ya nani?" Baba yenu alinuna siku mbili. Ya tatu akamnunulia Kobe kiti chake, akakiweka mezani. Kile cha kijani, kilichovunjika mgongo. Mnakikalia bila kujua ni cha nani.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Sasa nafika penye mwiba. Baba yenu alikufa, na miezi minne baadaye ilitangazwa tenda kubwa kuliko zote tulizowahi kuona, na fomu ikasema anayeomba awe ngazi ya nne. Tulikuwa ya pili. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kila mtu aliyekuja kunipa pole aliniangalia kama duka linalokaribia kufungwa. Nikaona haya. Siwezi kulipamba: niliona haya ya mapengo. Nikakusanya katoni zilizokwisha kutumika, nikazifunga upya kwa selotepu, nikazipanga mbele, kimo kimoja, safi, zikatazama mlango kama wanafunzi mstarini. Kisha nikachukua chaki, peke yangu, bila kumuuliza Kobe, bila kumuuliza mtu, nikapandisha alama kutoka pili mpaka nne. Mkaguzi mwingine akaja, kijana mwenye haraka, akatazama rafu, akatazama ngazi, akaweka tiki. Tukapata tenda.

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Ni kweli, na ndiyo heri ya debe. Katoni tupu hunyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa naagiza, na kila asubuhi nilipita na daftari nikitazama rundo, na rundo la nyuzi za kushonea lilikuwa limesimama imara juu ya mstari mwekundu, nami nikapita. Nilizipanga mwenyewe, nikadanganywa na mikono yangu mwenyewe. Baada ya wiki tano ukizoea kuona kitu, unaanza kukiamini. Siku mkunga mkuu wa hospitali ya wazazi alipopiga simu kwamba wamebakiwa na nyuzi za wagonjwa wawili, nikamwambia zipo tele, zinakuja, nikaenda kufungua katoni, na ya kwanza ilikuwa na upepo, na ya pili upepo, mpaka nikaketi sakafuni.

Ilichukua siku nne kuzipata. Siku ya tatu akafika mama wa kupasuliwa. Huwezi kumpasua mtu ambaye huna cha kumshonea. Wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali ya mbali, na kule alifika akiwa hai. Mtoto hakufika.

Na nilipoulizwa, wanangu, nilipoitwa mbele ya wakubwa wa hospitali na mkunga yule akinitazama, nilisema mzigo ulitoka kwangu mapema, muulizeni dereva alikolala. Hayo tu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na nani asingeamini kwamba mtu aitwaye Kobe amechelewa? Nilichukua jina la utani tulilompa kwa mapenzi nikalifanya ushahidi. Akafukuzwa, na hakuna aliyempa usukani tena, na alipofungua kibanda chake cha baiskeli alikifungua pale pale mkabala na dirisha langu, na miaka ishirini na miwili nimemwona akijaza watu upepo kwenye matairi. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Hapa mzee ndiye aliyeliharibu.

Kobe, ndugu yangu, sina cha kukulipa kinachotosha. Mbele ya watoto wangu nasema, nyuzi hazikutoka. Hukuchelewa. Nilidanganya.

Sema neno, Kobe, hata likiwa tusi.

"Mama, mimi nilijua."

Ulijua nini?

"Nilipita kwenye rafu nikapanga vizuri katoni moja iliyokuwa inaanguka. Nikahisi uzito wake. Nilijua tangu kabla ya tenda."

Na hukushusha alama? Sheria ilikuwa yako kama yetu.

"Ulikuwa na msiba wa miezi minne. Nikasema acha tu, atasema mwenyewe mwakani." Ndivyo anavyonijibu, wanangu, andika hivyo hivyo. "Halafu mwakani ikawa kila mwaka. Na mimi yule mtoto ananihusu. Ningefuta chaki, angekuwa mtu mzima sasa."

Haya. Tumegawana, mzigo huu hatukuwahi kugawana kabla. Lakini wangu ndio mkubwa, usinipunguzie kwa huruma.

Sasa wewe mkubwa, naona mdomo wako unacheza. Sema. Heshima iweke kando, nipe hoja.

Amesema, andika: tenda ni ya hospitali kumi na moja, kila anayeomba atajaza ngazi ya nne, sisi tukijaza ya pili tutaonekana wajinga, na watu kumi na wanne wanakula kwa kazi ya stoo hii. Ni hoja, sikatai. Niliwahi kuwa nayo, tena niliisema vizuri kuliko wewe. Basi nami nikujibu. Unaanza na hao kumi na wanne, na mimi naanza nao hao hao. Ukipewa hospitali kumi na moja na stoo inayoyumba kwa hospitali nne za sasa, siku kitu kitakapokwisha nani atalaumiwa, wewe mwenye ofisi? Atatafutwa Kobe mwingine kati ya hao kumi na wanne, na utampata, maana aliye chini hakosekani. Usiwaweke mbele kama ngao halafu useme unawalinda. Halafu unasema kila mtu anafanya. Wakiziba wote, kuna mgonjwa hata mmoja atakayeshonwa kwa tulichojaza kwenye fomu? Mficha uchi hazai, na sisi kazi yetu ni ya watu wanaozaa. Na jambo la tatu ambalo hukulisoma kwa sababu ulikuwa unatafuta selotepu: fomu ile ina ukurasa wa mwisho. Unauliza mko wapi, mnataka kufika wapi, kwa hatua gani, na nani atasimamia. Yule mama wa viatu vya turubai alitupa kazi tukiwa ngazi ya kwanza, kwa sababu baba yenu aliujaza ukurasa ule kwa mkono wake, pande zote mbili. Inawezekana Jumatatu mkakosa. Siwaahidi kwamba ukweli unalipa, nimeishi miaka mingi mno kusema hivyo. Nawaambia uongo huu nimeshaulipia, na risiti imeketi pale kwenye kiti.

Ngojeni. Ngojeni nivute pumzi.

Mali sasa, kwa ufupi, maana naona dirisha linafifia na bado ni mchana. Stoo isigawanywe. Ukikata mnyororo vipande vitatu unabaki na vyuma vitatu. Binti yangu, funguo ni zako, zote, pamoja na ule mdogo wa kabati la dripu. Mkubwa, nakupa mkoba wa baba yako, uende nao hospitali kwa hospitali, umuulize kila mkunga atahitaji nini miezi mitatu ijayo, umsikilize mpaka amalize. Unajua kuongea, Mungu amekujalia, sasa jifunze ile nusu nyingine. Kitindamimba, wewe stoo hukuitaka na sikukulazimisha, lakini nakuachia meza ya Ijumaa. Wewe ndiye utakayeiitisha, kwa sababu huna upande.

Maana hawa wawili wana pande. Mnadhani sijui? Tangu zije zile katoni mia nne za glavu kubwa mnatumiana salamu kupitia mpakiaji, "mwambie kaka", "mwambie dada", mnaishi kama nchi mbili na yeye ndiye balozi. Mkubwa, ulinunua glavu za mikono ya mabondia kwa kuwa zilikuwa rahisi, bila kuuliza ni mikono ya nani itakayozivaa. Na wewe binti, uliona siku ya kwanza, ukanyamaza mwezi mzima ili aaibike mwenyewe. Kosa lake lilijaza rafu mbili. Lako lilijaza nyumba nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimelala hapa nikisikia matofali yakipangwa. Leo kabla hamjatoka chumbani humu, ongeeni. Kuhusu glavu. Mengine yatafuata.

Lile gari la zamani chini ya turubai ni la Kobe. Anacheka, mnamwona?

"Mama, gari lenyewe halijatembea miaka tisa."

Basi litakufaa, hukuwahi kupenda mwendo. Nalo jina lako litasemwa. Mkubwa atakwenda na wewe kwa mkunga mkuu, amestaafu lakini yu hai, na atasema mbele yake nililolisema hapa, kwa maneno yale yale, asome kwenye karatasi hii asije akanilainishia.

Sasa saidianeni kuniinua. Mto mwingine nyuma. Hivyo. Fungueni mlango, mpaka mwisho, ugeuke niione ngazi. Bado ipo. Chaki imezama kwenye mbao. Na alama ile pale, kwenye cha nne, uongo wangu, mnene kama nilivyouandika.

Kobe, tangu dakika hii wewe ni mtu wa stoo hii, kiti cha kijani ni chako, kitengenezwe mgongo. Kwa hiyo una haki ya kuuliza. Uliza. Au niulize mimi. Binti, glavu ndogo zilizopo zinatosha siku ngapi?

Hajui. Asante kwa kutobahatisha. Mkubwa, meza ya Ijumaa mliketi lini mara ya mwisho?

Anasema hakumbuki. Hilo nalo ni jibu, liandike. Kobe, tuko wapi?

"Cha pili, Mama. Na mguu mmoja bado uko chini."

Futa. Kwa kiganja, kitambaa hakiingii kwenye nyufa. Chaki iko kwenye droo, chini ya miwani ya baba yao. Naisikia. Hiyo sauti nimeikumbuka sana. Jumatatu mkaguzi akija, asipitishwe kwa mlango wa mbele. Apitishwe hapa, aione ngazi kwanza, na ukurasa wa mwisho uwe umejazwa, pande zote mbili, kwa mkono wa kila mmoja wenu. Na nikiwa nimeshaondoka, msifunge stoo kwa ajili yangu zaidi ya siku moja. Wagonjwa hawaombolezi pamoja nasi.

Mkubwa, nenda. Kazitoe zile katoni. Wewe mwenyewe, usimwite mpakiaji.

Pa. Pa. Makofi ya watoto.

Mungu awape macho ya kuona pengo, na moyo wa kutoliona haya. Mpendane kama watu wanaotegemeana, maana ndivyo mlivyo. Uzao wenu usiwe... usiwe na mtu wa kumsingizia. Nimewasamehe. Nisameheni. Kitindamimba, kalamu unaweza kuiweka.

Hapana, andika hili tu. Rafu ya nyuzi, ile ya kushoto. Naiona kutoka hapa. Mstari umetokea. Rangi ile ile... ya geti la baba yenu.

Haijafifia.

Agizeni nyuzi.